Tathmini ya *106# kutoka Mwaloni: risiti ya dole gumba

Naanza na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye daladala. *106# ni huduma nzuri. Itumieni, na wafundisheni wazazi wenu. Inafanya kazi hata kwenye kitochi, haihitaji bando, na sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya kujua ni laini gani za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Ila ina mahali inapoishia, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu nimeona watu wanaipiga mara moja, wanakuta mambo yako sawa, wanaweka simu mfukoni na kujihesabu wamepona.

Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, na kwa kazi hiyo ya pili nakala za vitambulisho vya wanachama wote zinapita mikononi mwangu. Wamama wameniamini na namba zao, kwa hiyo suala hili silichukulii juu juu.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia: unapiga *106#, menyu inafunguka. Unaweza kuangalia laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la nani, ukaangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo, na ukaangalia pia za mitandao mingine. Ukiombwa namba ya NIDA unaingiza tarakimu zote 20. Kwa simu ya vitufe hapo ndipo pagumu, maana ukisitasita menyu inajifunga na unaanza upya. Dawa yake ni kuiandika namba kwenye karatasi kwanza, kwa mafungu, halafu unaisoma huku unabonyeza. Ukimaliza, karatasi hiyo iende jikoni ikaungue. Usiiache mezani.

Wengi wetu tuliifahamu mwanzoni mwa 2023, pale serikali ilipotangaza kwamba laini ambazo hazijahakikiwa zingefungwa tarehe 13 Februari. Mwaloni nzima ilikuwa inabonyeza simu. Shida ni kwamba wengi hawajairudia tangu siku zile. Wanasema, "Mimi nilishahakiki." Ulihakiki lini, mama? Tangu hapo umebadilisha laini, umerudisha laini iliyopotea, umemsajilia mtoto laini ya chuo. Kila mara umetoa kidole. Na kila unapotoa kidole kuna kitu kinaweza kuandikwa usichokiona.

Hapa sasa niongee na wanawake wenzangu wa ziwani, kwa sababu hili linatuhusu sisi kuliko mtu wa ofisini.

Angalia vidole vya mama anayepaa sato tangu alfajiri. Angalia vya anayepaka chumvi kayabo, au anayeanika na kuanua dagaa kila siku ya jua. Ncha za vidole zimelainika, mistari imefifia, na kwenye dole gumba unakuta mikwaruzo ya miiba iliyopona juu ya mikwaruzo mingine. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019, sisi ndio tunaosumbuka kwenye zile mashine. Unaweka kidole, haisomi. Unafuta kwa kanga, unaweka tena, haisomi. Unaambiwa ukanawe mikono kwa sabuni urudi. Hiyo ni hali ya kweli kabisa, na wasajili wengi ni vijana waaminifu wanaohangaika na wewe mpaka isome.

Msajili asiye mwaminifu anaitumia hali hiyohiyo. Kidole kimesoma vizuri, laini yako imeshakubali, naye anakwambia, "Mama haijasoma, weka tena." Unaweka. Hujui kwamba mara ya pili unasajili laini nyingine kwa jina lako, laini ambayo hutaiona kamwe. Mtu mwenye vidole safi anaweza kushtuka akiambiwa hivyo mara ya tatu. Mama wa Mwaloni hashtuki, kwa sababu amezoea kuambiwa. Hiyo laini itauzwa, na huyo aliyeinunua ndiye atakayetuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mtu akituma, jina linalotokea kwenye muamala ni lako. Mwenye kudhulumiwa akienda polisi anakwenda na jina lako mkononi. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini kabla hawajamfikia aliyefanya kosa wataanzia kwa mwenye jina.

Ndiyo maana nimeiita *106# risiti ya dole gumba. Ukinunua gunia la dagaa unadai karatasi, lakini kidole unakiweka pale chini ya mwamvuli wa msajili wa barabarani na kuondoka mikono mitupu. Risiti yako ni kuipiga hiyo namba jioni yake, na kuirudia tena siku chache baadaye, uone idadi ya laini ni ile unayoifahamu.

Mimi siku hizi nikienda kusajili, nikiambiwa haijasoma naomba kuona kioo. Nasema kwa upole, "Mwanangu, nigeuzie na mimi nione." Aliye mwaminifu anageuza simu bila neno, ujumbe wa kukataa unauona kwa macho yako, mnaendelea. Kijana mmoja pale mjini aliniambia kwamba mteja haruhusiwi kuona. Nikachukua kitambulisho changu, nikamshukuru, nikaenda duka la mtandao wenyewe. Kuna foleni huko, ndiyo, lakini kuna viti na kuna mtu wa kuuliza baadaye. Kwa wale ambao vidole vinasumbua kweli, nawashauri muende dukani moja kwa moja na muachane na mwamvuli. Siku hiyo msiguse chumvi kabla, na mpakae mafuta kidogo usiku wa kuamkia.

Kwenye kikundi chetu tulifanya zoezi. Baada ya kikao kila mtu alitoa simu, tukasaidiana kupiga. Mama mmoja, nitamhifadhi jina, alikuta namba asiyoijua kwenye mtandao ambao hajawahi kuutumia maishani. Alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, sasa hii nitakamatwa?" Nilimwambia hapana, sasa ndiyo unajiokoa. Kesho yake tulikwenda wawili, na kitambulisho chake halisi, kwenye duka la mtandao huo. Alieleza, wakahakiki kidole chake, wakaiondoa ile namba kwenye jina lake. Aliomba waiandike ile namba na tarehe kwenye karatasi, na anaitunza mpaka leo. Namsifu kwa hilo, maana likija swali la zamani atakuwa na la kuonyesha.

Zoezi lile lilitoa jambo jingine ambalo sikulitegemea liwe kubwa hivyo: laini za hisani. Tajiri mwenye mitumbwi amewasajilia wavuvi wake wa visiwani kwa kitambulisho chake, kwa sababu wao hawana. Mama amemsajilia dada wa kazi, na dada aliondoka zamani, laini kaondoka nayo. Shemeji wa Sengerema alikuja akasema namba yake ya NIDA bado haijatoka, akaombewa kidole. Hakuna mwizi hapo, kuna huruma tu. Lakini laini ile iko mikononi mwa mtu ambaye hujui leo yuko Ukerewe au Kigoma, na kila anachokifanya nayo kinaandikwa kwako. Msimamo wangu juu ya hili ni mgumu na ndugu wengine wamenuna: sitoi kidole changu kwa laini nisiyoishika mwenyewe. Msaidie nauli aende ofisi ya NIDA ya wilaya, msaidie kujaza fomu, mfuate serikali ya mtaa. Huo ni msaada mzuri zaidi, na atabaki nao.

Sasa mipaka. *106# inaona laini za simu, basi. Haioni nakala ya kitambulisho chako imelala wapi, wala haioni nani ameinakili namba yako kwenye daftari gani, wala kama kuna mtu amekopa kwa jina lako.

Nakala ndiyo inayoninyima usingizi. Siku moja nilinunua karanga za kuchemsha karibu na stendi, nikakunjua karatasi nile, nikakutana na sura ya mtu. Ilikuwa nakala ya kitambulisho cha taifa, imetoka imepinda upande mmoja, nadhani ndiyo sababu iliwekwa kando. Jina lote linasomeka. Namba yote inasomeka. Tarehe ya kuzaliwa, saini, kila kitu. Nilimuuliza yule dada anayeuza, akasema karatasi ananunua kwa kilo. Mwenye kitambulisho kile alilipia nakala moja nzuri akaondoka nayo, na ile iliyoharibika ikaanza safari yake.

Tangu hapo nikitoa nakala naomba na zilizoharibika. Na nakala ninayoipeleka mahali naiandika kwa kalamu, kwa mshazari, juu ya picha ya kitambulisho chenyewe bila kufunika jina: "Kwa maombi ya mkopo wa kikundi tu," na tarehe. Mtu akitaka kuitumia kwingine itamletea taabu. Wapo maofisa wanaokunja uso wakiona maandishi hayo. Nawaeleza, wengi wanaelewa.

Hatari ya steshenari imehamia pia kwenye simu na kompyuta. "Nitumie WhatsApp nikutolee." Umetuma picha ya mbele na nyuma kwenye simu ya kijana usiyemjua jina, na hiyo picha haifutiki kwa sababu wewe umeshalipa. Au umefungua barua pepe yako kwenye kompyuta ya duka, faili likashuka, ukaenda zako. Kaa kwenye hizo kompyuta dakika chache uangalie folda la vilivyopakuliwa, utakuta vyeti na vitambulisho vya nusu ya wilaya. Duka ninalolitumia mimi Kirumba, mwenyewe ni mama mtu mzima, ana utaratibu wa kufuta mbele yako na kukugeuzia kioo uone. Hajasoma sheria yoyote, ni ustaarabu wake tu. Lakini sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Taarifa unazokusanya kwa kazi fulani unazitumia kwa kazi hiyo na unazilinda. Wenye steshenari, wenye gesti, na sisi wa VICOBA, tuisome.

Gesti nimeitaja kwa makusudi. Mnaosafiri kufuata mzigo mnalijua lile daftari kubwa la kaunta. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Unapoandika la kwako unasoma ya waliolala jana, na atakayekuja usiku atasoma yako. Kujaza ni lazima na siwezi kukwambia ukatae. Ila unaweza kumuomba mhudumu afunike mistari ya juu kwa karatasi wakati wageni wanajaza, na nimeona sehemu wanaofanya hivyo.

Kuna kitu kwenye namba ya NIDA ambacho watu hawakiangalii. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa fikiria mtu ambaye namba yake ya siri ya kutolea pesa ni mwaka aliozaliwa, na Mwaloni wako wengi, kwa sababu tarakimu nne za mwaka hazisahauliki. Anampa wakala kitambulisho ili atoe hela. Namba yake ya siri imeandikwa pale, mwanzoni kabisa mwa namba ya kitambulisho. Simu ikiibiwa pamoja na pochi, mwizi hahitaji kubahatisha. Kama ni wewe, badilisha leo, na usiweke mwaka wa mtoto wa kwanza, maana huo nao wanaujua kwa jina lako la Mama Fulani.

Mikopo ya kwenye simu niipitie haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni na kuzifungia. Nyingi za namna hiyo huomba picha ya kitambulisho, picha ya uso wako, na ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, halafu ukichelewa wanawatumia ujumbe wa aibu jamaa zako. Kabla ya kupakia kitambulisho popote, angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Hili *106# haitakuonyesha kamwe.

Na kuna wema unaoumiza. Kitambulisho kinaokotwa Igoma au Buhongwa, msamaria anakipiga picha, anarusha kwenye makundi: "Mwenye nacho apige namba hii." Nia ni njema kabisa. Lakini picha ile imebeba jina, namba, sura na saini, na inazunguka mpaka kwa watu ambao hawakukiokota wala hawakukipoteza. Ukiokota, andika jina tu na mahali ulipokiokotea, au funika namba kwa kidole kabla hujapiga picha, kisha kipeleke kituo cha polisi au ofisi ya NIDA. Ukipoteza wewe, chukua taarifa ya upotevu polisi siku hiyohiyo, usisubiri mpaka utakapokihitaji. Tarehe ya ile karatasi ndiyo itakayoonyesha kwamba kilichofanyika baadaye hakikufanywa na wewe.

Huduma ya pili ninayoipa alama nzuri ni 15040. Ukipata ujumbe wa kitapeli, usiufute na usimtukane aliyetuma. Uelekeze kama ulivyo kwenda 15040, utajibiwa uandike namba iliyokutumia, unaituma, umemaliza. Watu wananiuliza inasaidia nini. Inasaidia hivi: namba ile inawezekana sana imesajiliwa kwa kidole cha mama mwingine wa mwaloni mwingine, Musoma au Bukoba, na yeye hajui. Ukiitoa taarifa ikafungwa, umemtua mzigo ambao hakujua ameubeba.

Na kwa wanaopigiwa na "huduma kwa wateja" wakiambiwa laini itafungwa wataje namba ya NIDA: kata simu, piga mwenyewe *106#. Ikionyesha jina lako, laini yako imesajiliwa, hakuna cha kumtajia mtu.

Alama nitoe sasa. Kwa urahisi, *106# naipa nne kati ya tano, hiyo moja inapotelea kwenye kuingiza tarakimu 20 kwa vitufe vidogo. Kwa manufaa naipa tano. Kwa ulinzi naipa tatu, kwa sababu inasubiri uiulize. Haikushtui yenyewe, wewe ndiye wa kuishtua. Kwa hiyo lazima iwe na siku yake. Sisi tumeiweka kikao cha kwanza cha kila mwezi, kabla ya kununua hisa, na mwanachama anayejua kusoma anakaa na asiyejua.

Nakala za vitambulisho vya wanachama nimezitoa kwenye begi langu. Sasa ziko ndani ya sanduku la kikundi, lile lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na aliyeacha uanachama anarudishiwa yake mkononi. Wenye vikundi vingine hapa Kirumba mkitaka kuona tulivyopanga, njooni kwenye vichanja vya dagaa asubuhi, muulizie mweka hazina.